Mbio za Motokaa na Hesabu za Darasani

Barabara kuu itokayo Kisangani kwenda Walikale na Bukavu yapita hapa kwetu Lubutu. Kwa njia hiyo huja chumvi, sabuni, dawa na madaftari. Kwa njia hiyo huondoka mchele, ndizi na mafuta ya mawese. Malori yakikwama katika matope, pikipiki hupenya, na kijana aiendeshaye hupata faranga zake jioni ileile. Mwanafunzi aliyeketi darasani husikia ngurumo ya pikipiki hiyo, kisha hutazama ubaoni ambapo mwalimu ameandika sehemu na desimali. Ndipo huinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, hesabu hizi zitatufaa nini?"

Wazazi na walimu wenzangu, swali hili si la utovu wa adabu. Ni swali la haki, na mtoto asiyejibiwa hujijibu mwenyewe. Wako vijana ambao jibu lao limekuwa kuiacha kalamu na kushika usukani wa pikipiki kabla hawajaweza kugawanya kwa tarakimu mbili. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kalamu na usukani si maadui. Madereva hodari kupita wote ulimwenguni hushinda kwa hesabu, na mashindano yao yaweza kumsaidia mwalimu wa shule isiyo na umeme kufundisha hesabu zitakazomfaa mtoto maisha yake yote. Tena baadhi ya hesabu hizo zaweza kumponya na kifo.

MASHINDANO YALIYOZALIWA JIRANI YETU

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth II wa Uingereza alipotawazwa, wapenda motokaa wa Afrika ya Mashariki, akiwamo Eric Cecil, walianzisha mashindano ya kusherehekea tukio hilo, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Madereva hawakuzunguka uwanjani kama farasi. Walipita katika barabara za kila siku, zenye vumbi, mawe, ng'ombe na mito iliyofurika. Mwaka 1960 mashindano hayo yakaitwa East African Safari, na mwaka 1974 yakapewa jina la Safari Rally, ambalo latumika hata leo. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua huwa imekwisha kuziharibu njia. Yalikuwamo katika mashindano ya ulimwengu tangu mwaka 1973, yakatoka baada ya mwaka 2002, yakarudi mwaka 2021 huko Naivasha nchini Kenya. Mtu wa Maniema akitazama picha za motokaa zile zimezama hadi milangoni, angedhani zimepigwa njia ya Walikale.

Basi tuchukue hesabu ya kwanza. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 vilevile. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwalimu, andika namba hizo ubaoni, kisha uliza: ni mwaka gani uliokuwa mgumu zaidi? Wengi watajibu kwamba miaka hiyo ni sawa, maana saba ni saba. Waache wabishane kidogo; ubishi wa namna hiyo ni mbolea ya elimu. Halafu wagawanye. Saba katika 84 ni moja ya kumi na mbili kamili, yaani karibu 8.3 kwa mia. Saba katika 93 ni karibu 7.5 kwa mia. Kumbe mwaka 1968 uliwapukutisha madereva zaidi.

Hapo mtoto ameelewa kwa nini watu walibuni sehemu na hesabu za kwa mia: ni kwa ajili ya kulinganisha mambo yasiyo na jumla moja. Mara moja mrudishe nyumbani kwao. Mama mmoja amepeleka sokoni mayai 84, yakavunjika 7. Jirani yake amepeleka 93, yakavunjika 7. Ni nani aliyefunga mzigo wake vizuri zaidi? Hesabu ni ileile, ila sasa ni mali ya familia.

MSHINDI NI MWENYE HESABU

Watu wengi hudhani kwamba ashindaye ni yule akanyagaye mafuta kwa nguvu kuliko wenzake. Sivyo. Katika kila motokaa ya mashindano haya wamo watu wawili. Mmoja ni dereva. Wa pili hana usukani. Yeye ana daftari, saa na kalamu. Tumwite mwelekezaji. Kabla ya siku ya mbio, wawili hao huipita njia mara mbili kwa mwendo wa pole, wakiandika kila kona: ya kushoto au ya kulia, kali au nyepesi, na meta ngapi hadi kona inayofuata. Siku ya mbio mwelekezaji husoma kwa sauti, naye dereva hugeuza usukani kwa kuamini namba zilizoandikwa, hata kama macho yake hayajaiona kona. Namba ikiwa mbaya, motokaa imo korongoni.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Katika ushindi huo wa miaka minne mfululizo, mwelekezaji wake alikuwa Mike Doughty. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara 3, miaka ya 1965, 1974 na 1976. Mara ya kwanza aliketi pamoja na ndugu yake Jaswant. Ushindi wa Mehta wa mwaka 1973 wastahili kusimuliwa darasani. Yeye na Harry Källström wa Uswidi walimaliza safari ndefu wakiwa na adhabu sawasawa kabisa. Itakuwaje? Waamuzi wakafungua kadi za saa wakatazama tangu mwanzo: ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza? Alikuwa Mehta, naye akapewa ushindi. Maelfu ya kilometa yaliamuliwa kwa kusoma jedwali la namba.

Hizo adhabu nazo ni somo zuri. Kwa kanuni ya mashindano ya ulimwengu, motokaa hupangiwa dakika yake ya kufika katika kila kituo cha ukaguzi. Ikichelewa dakika moja, huongezewa sekunde 10. Ikifika mapema kwa dakika moja, huongezewa sekunde 60. Yaani aliyekosa subira huadhibiwa mara sita kuliko aliyechelewa! Uliza darasa lako: timu ya kwanza imechelewa dakika 4, timu ya pili imewahi dakika 1, ni ipi iliyopata hasara kubwa? Ya kwanza imepewa sekunde 40, ya pili 60. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na motokaa, lakini kanuni hiyo wangeipenda.

Kadi ya mwelekezaji huandikwa kwa saa 24 zinazoanzia usiku wa manane, nasi twahesabu saa zetu tangu macheo. Kwa hiyo mtoto hana budi kutoa 6. Tena saa za Naivasha zimetangulia saa za Lubutu kwa saa nzima. Basi kadi ikionyesha 14:35 huko Naivasha, ni saa ngapi kwa Kiswahili kule, na ni saa ngapi hapa kwetu? Kule ni saa 8 na dakika 35 mchana. Hapa ni saa 7 na dakika 35. Mtoto awezaye jambo hili hatampotezea baba yake siku ya safari.

Mwaka 2021 Mfaransa Sébastien Ogier alishinda Naivasha. Sehemu za njia zilizopimwa mwendo zilikuwa kilometa 320 hivi, naye alizimaliza kwa muda wa saa 3 na dakika 18 hivi. Dakika 18 ni sehemu gani ya saa? Ni 0.3. Gawanya 320 kwa 3.3, utapata karibu kilometa 97 kwa saa. Wa pili, Mjapani Takamoto Katsuta, aliachwa kwa sekunde 21.8 tu. Kwa mwendo ule motokaa hukata karibu meta 27 kila sekunde. Zidisha, utaona kwamba baada ya kilometa 320 tofauti yao haikufika meta 600. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa kibaba kilijazwa kwa vipande vya sekunde.

MUDA ULIOPOTEA HAURUDISHWI KWA KUKIMBIA

Sasa twaja kwenye hesabu ambayo, kwa maoni yangu, yapita zote kwa faida. Ningependa kila kijana wa barabara hii aijue kabla hajakabidhiwa ufunguo wa pikipiki.

Kutoka Lubutu hadi Kisangani ni kilometa 240 hivi. Tuseme mwendeshaji ataka mwendo wa wastani wa kilometa 40 kwa saa. Safari yake yahitaji saa 6. Lakini mvua imenyesha, na nusu ya kwanza, kilometa 120, ameivuka kwa mwendo wa kilometa 20 tu kwa saa. Je, nusu ya pili aende kwa mwendo gani ili wastani wa safari nzima uwe 40?

Karibu darasa zima litajibu: 60! Maana 20 na 60 ni 80, na nusu yake ni 40. Jibu lapendeza, ila si kweli. Pima kwa saa. Kilometa 120 kwa mwendo wa 20 zimekula saa 6. Saa zote za safari zimekwisha, na bado yuko nusu ya njia. Hata akipewa ndege hatapata wastani wa 40. Akienda kwa 60 atatumia saa 2 nyingine, jumla saa 8. 240 kugawanywa kwa 8 ni 30. Wastani wa mwendo hautafutwi kwa kujumlisha miendo na kugawanya kwa mbili. Hutafutwa kwa kugawanya njia yote kwa muda wote.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba huu ni mchezo wa akili tu. Sote twamjua kijana aliyekwama matopeni, na akitoka hukaza gesi hadi mwisho, akavipita vijiji kama mshale ili "kufidia". Anafidia nini? Tuhesabu. Katika kilometa 120 zilizobaki, akienda kwa 60 atatumia saa 2. Akienda kwa 80 atatumia saa moja na nusu. Kwa hatari yote ile ameokoa nusu saa. Lakini kama katika ile nusu mbaya angaliweza kwenda kwa 25 badala ya 20, angalitumia saa 4 na dakika 48 mahali pa saa 6. Angaliokoa saa 1 na dakika 12. Kilometa 5 kwa saa zilizoongezwa penye matope zina faida kuliko kilometa 20 kwa saa zilizoongezwa penye njia kavu!

Madereva wa Safari walilijua jambo hili tangu zamani. Mwenye kukimbia sana penye njia nzuri alivunja chuma chake, akawa miongoni mwa wale 77 wasiofika mwaka 1963. Mwenye hekima alitafuta muda mahali unapopotea: mtoni, matopeni, kwenye gurudumu lililopasuka. Nasi katika vijiji vyetu twaweza kuitumia hesabu hiyo. Siku ya salongo, watu wanapotoka na majembe kutengeneza njia, waanzie wapi? Waanzie pale ambapo mwendo ni mdogo kuliko pote, hata kama ni kipande cha meta mia tatu. Wanafunzi wakipewa saa na kamba waweza kupima ni dakika ngapi zinazopotea katika kila shimo kubwa, wakampelekea mkubwa wa kijiji orodha yao. Hesabu za namna hiyo ni msaada kwa jirani.

META ZA KUSIMAMIA

Hesabu ya pili ya kuokoa uhai ni ya breki. Mtu akiona hatari mbele yake, hasimami palepale. Kwanza macho yaone, akili iamue, mkono na mguu vitii. Tuseme hiyo ni sekunde moja. Ndipo breki ianze kazi. Tuseme katika njia kavu breki hupunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde, katika kila sekunde ipitayo.

Mwendo wa kilometa 30 kwa saa ni karibu meta 8.3 kwa sekunde. Katika sekunde ya kushtuka pikipiki itakwenda meta 8.3. Kupata meta za breki, zidisha mwendo kwa mwendo wenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya breki: 8.3 mara 8.3 kugawanywa kwa 10, ni karibu meta 7. Jumla meta 15. Sasa mwendo uwe 60. Watoto watasema: mwendo umekuwa mara mbili, basi meta ni 30. Wafanye hesabu. Sekunde ya kushtuka yala meta 16.7, na breki yala karibu 27.8. Jumla ni meta 44 na zaidi. Mwendo ukiwa mara mbili, kazi ya breki huwa mara nne.

Usiiache hesabu hiyo ubaoni. Watoe watoto uwanjani na kamba yenye mafundo kila meta moja. Mmoja asimame kwenye mstari, mwingine ahesabu meta 15 na kuweka jiwe, mwingine meta 44 na kuweka jiwe. Wasimame kimya watazame nafasi iliyo kati ya mawe mawili. Kisha uliza: mtoto akiufuata mpira barabarani, meta 25 mbele ya pikipiki, itakuwaje? Aendaye kwa 30 atasimama akiwa na meta 10 za akiba. Aendaye kwa 60 atamfikia mtoto akiwa bado na mwendo wa karibu kilometa 50 kwa saa. Breki ni ileile, macho ni yaleyale. Tofauti ni namba tu. Na njia ikiwa imelowa, tuseme nguvu ya breki yapungua kwa nusu, basi meta 44 zaweza kuwa 72.

Yafaa hapa watoto waambiwe waziwazi kwamba njia za mbio hufungwa kwanza. Hakuna mama mwenye kikapu, hakuna mwanafunzi aendaye shuleni, hakuna mbuzi wa jirani. Madereva huvaa kofia ngumu na mikanda, na motokaa zao zina vizimba vya chuma ndani. Barabara yetu haijafungwa kamwe. Aifanyaye kuwa uwanja wa mbio amechukua mwendo wa mashindano, akaiacha hekima yake.

MOTOKAA ZA MBAO NA MAKOPO

Mwalimu mmoja atasema: "Sina motokaa, sina umeme, nina chaki tu." Ndugu yangu, chaki yatosha, na watoto watakuletea yaliyobaki. Huko Uingereza kuna mashindano ya wanafunzi yaliyoanza kwa jina la F1 in Schools. Wanafunzi huchora na kutengeneza motokaa ndogo inayosukumwa na kichupa cha gesi katika njia ya meta 20, nayo huimaliza kwa muda wa sekunde moja hivi. Meta 20 kwa sekunde moja ni kilometa 72 kwa saa! Watoto wetu hawana kichupa cha gesi, lakini ni mafundi tangu utotoni. Hutengeneza motokaa za waya, za makopo ya samaki na za mbao, zenye magurudumu ya ndala zilizochakaa. Na vijana wa Goma wamebuni chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili libebalo mizigo mizito. Ustadi tunao, tuutie hesabu.

Fanya hivi. Egemeza ubao juu ya matofali uwe mteremko. Pima meta 5 za njia iliyosawazishwa. Gawa darasa katika timu za watoto wanne: dereva, mwelekezaji, mshika saa na mwandishi. Kazi hizo wazipokezane, ili asiwepo mmoja wa kusukuma daima na mwingine wa kuandika daima. Simu ya mwalimu yaweza kuwa saa. Kila motokaa iteremshwe mara tano. Tuseme muda umekuwa sekunde 2.4, 2.6, 2.5, 2.9 na 2.6. Jumla ni 13. Wastani ni 2.6. Meta 5 kugawanywa kwa 2.6 ni karibu meta 1.9 kwa sekunde. Wachore safu za muda huo katika daftari, wajadili kwa nini mara ya nne ilichelewa.

Kisha ufanye mchezo wa pili, nao ndio mtamu. Kabla ya kuteremsha, kila timu itangaze muda inaotazamia. Ashindaye si afikaye kwanza, bali yule ambaye muda wake umelikaribia neno lake. Utaona jinsi wale waliozoea kupiga kelele wanavyoanza kupima, na jinsi mtoto mnyamavu wa dawati la nyuma anavyotafutwa na kila timu.

Wasichana wasiachwe kando kama watazamaji. Mwaka 2022, huko Naivasha, Mkenya Maxine Wahome alishinda katika daraja la WRC3 la Safari Rally. Binti yako akijua kwamba msichana wa Afrika ameshika usukani ule na kuheshimiwa, huenda naye ataacha kusema kwamba hesabu ni kazi ya wavulana.

Kwa wakubwa zaidi, chukueni hesabu ya petroli. Tuseme pikipiki yatumia lita 3 kwa kilometa 100. Hadi Kisangani itahitaji lita 7.2. Mvua ikinyesha, ongeza moja ya tano: lita 8.64. Bei wataiuliza wenyewe kwa wauza petroli wa kando ya njia siku ileile. Halafu waandike nauli upande mmoja, na upande wa pili petroli, oili, mnyororo, na gurudumu. Gurudumu lisilonunuliwa leo nalo liandikwe: gawanya bei yake kwa kilometa litakazodumu, utajua kila kilometa yala faranga ngapi. Vijana wengi huhesabu nauli waliyopokea jioni wakaiita faida. Wakiandika pande zote mbili wataona faida ya kweli, nayo huwa ndogo kuliko walivyodhani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

NENO KWA WAZAZI

Huenda mzazi akanung'unika: "Mwalimu, unawafundisha watoto wetu kupenda mwendo." Mzazi mwenzangu, mwendo wanaupenda tayari, hatukuwafundisha sisi. Tunachoweza ni kuuvika kipimo. Mtoto aliyesimama juu ya jiwe la meta 44 kwa miguu yake mwenyewe amefundishwa kuogopa kwa akili, na woga wa namna hiyo hauondoki mwalimu akigeuka nyuma.

Mwingine atasema kwamba mbio ni mchezo wa matajiri. Ni kweli, motokaa za siku hizi zina bei kubwa mno. Lakini sisi hatununui motokaa. Twaazima namba zake tu, nazo hutolewa bure na redio kila mwaka. Tajiri amekwisha kulipia petroli, acheni mtoto wa Lubutu apate hesabu.

Na wewe kijana uliyekwisha kuacha shule ukashika pikipiki, usidhani makala haya yamekutupa. Una barabara, una saa, una kipimo cha kilometa mbele ya macho yako. Nunua daftari moja. Andika saa ya kuondoka, saa ya kufika, kilometa na lita za petroli. Baada ya mwezi mmoja mletee mwalimu yeyote daftari hilo, mkae naye saa moja. Kazi yako yenyewe itakuwa darasa lako.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Pikipiki imekwenda kilometa 60 kwa mwendo wa 30 kwa saa, ikarudi kwa njia ileile kwa mwendo wa 20 kwa saa. Wastani wa mwendo wake ni nini? Angalia, si 25.

2. Motokaa ya kwanza imechelewa kituoni dakika 7. Ya pili imewahi dakika 2. Kwa kanuni tuliyoieleza, ni ipi yenye adhabu kubwa zaidi, na kwa sekunde ngapi?

3. Pimeni kwa kamba nafasi iliyo kati ya mlango wa shule yenu na barabara. Je, pikipiki iendayo kwa kilometa 60 kwa saa yaweza kusimama katika nafasi hiyo? Na ile ya 30?

Swali la tatu halina jibu moja kwa shule zote. Kila shule itafute la kwake, iliandike kwa herufi kubwa juu ya ubao, na kulisimika kando ya njia mahali ambapo kila mwendeshaji atalisoma.